Nyanya Aliyeshona Mpira

Kuna uongo nilioutamka mara moja tu, wa neno moja, nikiwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee huko Bloomington na taulo lililolowa begani. Neno lenyewe lilikuwa "hapana". Nililisema kwa heshima, au ndivyo nilivyojidanganya. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tukimuaga Mama Imani, anayestaafu baada ya miaka mingi ya kupikia wazee wa watu, na yule mama niliyemwambia neno hilo akanijia akitembelea mkongojo. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha baba yangu." Nilikuwa na sahani ya pilau. Niliishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo sifikirii kitu kingine ila mwaka wa 2013, na nitauandika hapa ulivyokuwa, maana ulinishtua tangu Januari hadi Desemba na kumbe ulikuwa bado haujamalizana nami.

Nyumba ilikuwa ya mbao, rangi ya maziwa, kwenye mtaa ulio chini ya njia ya ndege. Kila ndege ikishuka, vikombe kabatini vinalia. Wazee wanne, vyumba vinne, na sisi wawili zamu ya mchana: mimi vyumbani na bafuni, Mama Imani jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuja na diploma ya ualimu ambayo hakuna mtu Minnesota aliyeitaka hata kuiangalia, basi nikasomea kazi ya kuhudumia wagonjwa kama nusu ya Wakenya wa kanisa letu. Siku ya kwanza nikapewa glavu, sabuni, na mwanamume wa miaka sabini na minne, nikaambiwa mwogeshe. Niliduwaa. Mimi ni Mkisii. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, nacho ndicho kinachosimama baina ya mzazi na mtoto: baba haonwi na mwanawe akiwa hana nguo, na aibu ya baba haitamkwi mbele ya watoto wake, hata iwe inajulikana kijiji kizima. Mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Sasa huyu hapa, mkubwa kuliko baba yangu, kaketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya bafu, ananiambia, "Haya binti, maji hayajiogeshi." Nilimwogesha nikiangalia ukuta. Mpaka leo naweza kukuchorea vigae vya ule ukuta, na kile kimoja kilichokuwa na ufa.

Aliitwa Alan. Alitoka Melbourne, Australia, akaja Minnesota kijana kufanya kazi ya mitambo ya maghala ya nafaka, akaoa huku, mke akafa huku, na kiharusi kikampata huku. Upande wa kushoto wa mwili ulikuwa mzito na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka, lakini jambo moja lilikuwa zima kabisa kichwani, nalo ni mpira. Si mpira ninaoujua mimi. Juu ya kabati lake palikuwa na mpira mwekundu wa ngozi, umechongoka pande mbili, na ole wako uushike kwa mikono yenye sabuni. Alinichorea uwanja nyuma ya karatasi ya menyu: yai kubwa, na kila mwisho wa yai nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukipiga katikati ya zile ndefu, pointi sita. Ukikosa, mpira ukapita baina ya ndefu na fupi, unapewa pointi moja. Nilimuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Yaani mtu anakosa goli na bado anaandikiwa? "Anaandikiwa," akasema, amefurahi kweli kuona nilivyoshangaa. "Zamani walikuwa wakiandika tu, lakini haihesabiwi. Goli ndiyo ilikuwa goli. Ilichukua miaka mingi hadi watu wakakubali kuihesabu." Nikamwambia nchi yao ina huruma ya ajabu. Akacheka hadi uji ukamtoka puani, na mimi ndiye niliyeupangusa.

Hakuwa mlaji, lakini niligundua kwamba ukimgawia siku kwa vipindi vinne kama mechi yao, anakubali. Kifungua kinywa kipindi cha kwanza, kuoga cha pili, chakula cha mchana cha tatu, na dawa za saa kumi ndicho cha nne, tumeshinda, twende tukapumzike. Kati ya kijiko na kijiko ananipa historia. Kwamba mwaka wa 1859 wanaume wachache wa klabu ya kriketi walikutana hotelini Melbourne wakaandika sheria kumi, basi, kumi tu, ili wachezaji wao wasinenepe msimu wa baridi. Kwamba uwanja ulikuwa bustani ya umma na miti imesimama humo humo ndani, mtu anakimbia na mpira huku akikwepa adui na mkalitusi kwa pamoja. Idadi ya wachezaji mlikuwa mnakubaliana hapo hapo. Giza likiingia kabla mshindi hajapatikana mnarudi Jumamosi nyingine kuendelea. Mwanzoni waliuita mchezo wa Sheria za Melbourne, kisha Sheria za Victoria, na majirani zao wa makoloni mengine wakakasirika, ati kwa nini wacheze kitu chenye jina la wenzao, hadi jina likabadilishwa. "Lakini mwenyewe ulikuwa unauitaje?" nikamuuliza. Akaniangalia kama nimemuuliza maji yanaitwaje. "Futi," akasema. "Mtu wa Melbourne akisema futi, amemaliza." Nami nikawa nasema futi. Nilikuwa naandika kwenye daftari la zamu: amekula vizuri, ameoga, moyo mkunjufu. Hilo la moyo mkunjufu niliandika kila siku na lilikuwa kweli, mpaka Juni.

Jikoni, Mama Imani alikuwa na maoni yake. Ni mtu wa Uvira, alikaa kambini Tanzania miaka mingi, na Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama mchele wenye mawe madogo. Jumatatu tulikuwa tunapanda treni pamoja hadi Cedar-Riverside kununua unga na samaki wakavu, na njia nzima ananichambulia wazee. Mimi nilikuwa namsifu Alan, mzee mchangamfu, mzee wa hadithi. Yeye akawa anatikisa kichwa. "Ule muzee anasema mingi juu ya mpira kwa sababu iko kitu hataki kusema," akaniambia siku moja tukiwa tumebeba sombe, yale majani ya muhogo, ya barafu. "Umesikia hata siku moja anataja mama yake? Bibi yake? Hapana. Watu wote wanakufa wanaita mama. Ule anaita mpira. C'est pas normal, si kawaida, Nyaboke." Nikamwambia aache uchuro. Sasa hivi nikikumbuka, nasikia aibu kwamba mpishi ambaye hakuwahi kuingia chumba chake alimsoma kuliko mimi niliyejua kila kovu mgongoni mwake.

Juni hiyo Alan alisikia kwamba kuna vijana wanaocheza futi kwenye bustani moja ya Minneapolis, Waaustralia wachache na Wamarekani waliowashawishi, akadai kupelekwa. Nilikuwa nimepata leseni majuzi tu. Nika-drive gari la nyumba nikiwa nimekamata usukani kwa mikono yote, yeye pembeni ananiambia nisiogope, nami namwambia anyamaze. Walikuwa wamesimamisha mabomba ya plastiki kuwa nguzo. Mchezo ulipoanza nilibaki mdomo wazi. Mtu mzima anaruka, anamkanyaga mwenzake mgongoni kwa goti, anapanda hadi mabegani, anaudaka mpira kule juu, na yule aliyekanyagwa anainuka anampa mkono. Nilikuwa nimeshatoa simu nipige 911. Alan alikuwa analia kwa furaha, mate yanamtoka upande ule mzito, anapiga kelele maneno ambayo sikuyaelewa na sikuwa na haja ya kuyaelewa.

Karibu yetu aliketi mchezaji aliyeumia, mkono umefungwa kitambaa shingoni, fundi umeme kutoka Brisbane. Mtu mwema tu. Alitusogelea, akasema amefurahi kuona mzee anayependa Aussie rules, yaani mchezo wa Sheria za Australia. Alan akakunja uso. Akamwambia hivyo ndivyo wanavyosema watu wasioujua. Yule fundi akacheka, akasema kweli, kwao Brisbane mtu akisema futi wanajua ni raga, na huu wa Melbourne wanautania kuwa ni ping-pong ya angani. Mpaka hapo ilikuwa mizaha. Kisha akaendelea, bila nia mbaya, kwamba siku hizi kule nyumbani kuna mabishano, wako wanaosema wale waungwana wa hotelini hawakuubuni peke yao. Wenyeji weusi wa nchi ile walikuwa na mchezo wao kabla mzungu hajafika, wanaruka na kudaka mpira ulioshonwa kwa ngozi ya posamu, kamnyama ka manyoya ka mitini, na huenda aliyeandika sheria alikua akiuona. Wengine wanapinga, wanasema hakuna ushahidi. Alan alirusha kikombe chake cha chai. Hakikumpata mtu. "Takataka," akasema, na sauti yake sikuitambua. "Ni mchezo wetu. Uliandikwa. Una tarehe." Akarudia hivyo mara sijui ngapi, una tarehe, una tarehe, na mechi ikasimama, watu wazima thelathini wakatugeukia. Nilimsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi garini, mashavu yananiwaka. Sikujua nimuonee aibu yeye au yule fundi, au mimi, msichana mweusi pekee pale, niliyekuwa nimeanza kumpenda mzee huyu.

Alikataa kula siku mbili. Hakuna kipindi cha kwanza wala cha nne. Siku ya tatu, asubuhi, alikubali kuoga. Nilikuwa nimemshika mgongo kwa mkono wa kushoto, namwagia maji kwa wa kulia, macho yangu ukutani kama kawaida, nikahisi mgongo unatikisika. Nikadhani ni kiharusi kingine. Nikamwangalia, kwa mara ya kwanza nikamwangalia kweli. Alikuwa analia. "Ngozi ya posamu haina harufu ukiisugua kwa majivu," akasema. "Nyanya yangu alinishonea mmoja. Nilikuwa na miaka sita. Aliujaza makaa laini na nyasi, akaufunga kwa mishipa. Ulikuwa unaruka vizuri." Kisha akaniambia mengine, yote, na maji yakawa yanapoa. Nyanya yake, mama wa baba yake, alikuwa mweusi, mwenyeji wa nchi ile, aliyechukuliwa utotoni akalelewa misheni magharibi mwa Victoria. Baba yake Alan alitoka mweupe wa kutosha kutoulizwa maswali. Walihamia Melbourne na nyanya wakaja naye, akawa anaishi chumba cha nyuma. Alan alipoanza kuchezea timu, wenzake walikuja nyumbani baada ya mechi, na nyanya akawaletea chai. Mmoja akauliza huyu ni nani. Alan, miaka kumi na tisa, mguu juu ya kiti, akasema ni mfanyakazi wa jikoni. "Alinisikia," akaniambia. "Alikuwa ameshika birika. Akauliza nani anataka sukari." Baada ya hapo kila walipokuja alivaa aproni. Hakuna aliyemwambia aivae.

Aliniambia jina lake. Nellie Harkin. Akanitajia misheni na mto uliopita karibu nayo, akanifanya nirudie, kama mwalimu. Nilirudia. Nilikuwa nimepigwa na bumbuazi kiasi kwamba nilisahau kuzima maji. Nilimkausha, nikamvika shati, nikamkalisha dirishani. Kwenye daftari nikaandika: ameoga. Sikuandika moyo mkunjufu wala chochote kingine. Mama Imani aliniuliza mbona macho yako hivyo, nikasema sabuni.

Sasa Ruth. Ruth ndiye mtoto pekee wa Alan, alikuwa anaishi Saint Paul, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache anayekuja kila Jumapili na gazeti ambalo baba yake hasomi. Nilikuwa nawasikia chumbani, wanaongea hali ya hewa na barabara. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa alitoka chumbani, akafunga mlango polepole, akanifuata kwenye korido. Taulo lilikuwa begani, limelowa, linanitonea mgongoni. Akaniuliza, "Baba amewahi kukuambia habari za nyanya yake?" Aliniangalia usoni, na midomo yake ilikuwa imekauka. Mimi nilichokiona mbele yangu ni mtoto anayetaka nimvue baba yake nguo. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale mzee akiwa uchi. Nitayatoaje kwa binti yake, na baba mwenyewe yuko hai nyuma ya mlango? Nililelewa hivyo, na sikusita hata kidogo, hiyo ndiyo inayoniuma. "Hapana," nikasema. Akasema asante. Alikwenda kuvaa koti, akachelewa kulifunga vifungo.

Alan alifariki mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza ikianguka, mchana, ndege zinapita. Kwenye mazishi padri alisema alizaliwa Melbourne katika familia ya wafugaji wa kondoo. Nilikuwa nimeketi nyuma na Mama Imani, nikajisifu moyoni kwamba siri ya mzee inashuka naye salama. Nilijiona mtu mzuri. Miaka yote hii nimekuwa nikiwafundisha wasichana wageni kazini, nawaambia mkiwa bafuni na mzee, mnayoyasikia yabaki bafuni. Nilikuwa nalisema kwa majivuno kabisa.

Basi ndipo tukafika kwenye ule ukumbi, mwezi uliopita, mimi na sahani yangu. Ruth ana mvi, goti limefanyiwa upasuaji. Mama Imani ndiye aliyemwalika, kumbe wamekuwa wakitumiana kadi za Krismasi miaka yote. Tukakaa pembeni, kwaya inafanya mazoezi upande wa pili. Aliniuliza habari za watoto, nikajibu. Kisha akasema, bila hasira, "Nilikuwa nataka kukuomba msamaha. Ile siku kwenye korido nilikuuliza jambo la ajabu ukanishangaa." Nikasema hapana, hakuna shida. Akaendelea. Alisema tangu utotoni alihisi kuna mtu aliyefutwa katika familia yao, huenda nyanya wa baba yake. Picha zilikuwa na sehemu zilizokatwa kwa makasi. Alimuuliza baba yake maisha yake yote. Jumapili ile alimuuliza tena, na kwa mara ya kwanza mzee hakukasirika. Aligeuza uso dirishani. "Akaniambia: siwezi kukuambia wewe. Muulize yule msichana wa Kenya. Nimempa yote." Ruth akacheka kidogo. "Nikaja kukuuliza, ukasema hapana. Nikajua ni ugonjwa tu, akili imemtoka. Niliandika barua Australia mara mbili, wakaniambia bila jina hawawezi kunisaidia. Nikaacha."

Sijui niliiweka wapi ile sahani. Naandika haya wiki ya nne na bado mwili unanisisimka. Kwa sababu chinsoni haikumpa mzee mahali pa kufichia tu. Kwetu, jambo ambalo baba hawezi kumwambia mwanawe hutafutiwa mtu wa kulibeba: shangazi, au nyanya, au jirani anayeaminika. Anaitwa kando, anapewa maneno, anarudishwa arudie, kisha anasubiri aulizwe. Mimi nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Baba yangu alinifikishia maneno yake kupitia shangazi mara ngapi! Na yule mzee wa Melbourne, ambaye hajawahi kusikia neno la Kikisii, alifanya vile vile hatua kwa hatua, akanirudisha nirudie majina, akamtuma binti yake aje kwangu. Nilikuwa nimetumwa, nikajidhani nimekabidhiwa kufuli.

"Ruth," nikasema, "ulichouliza ile siku, nilikijua." Nikaongeza, "Nilikuwa nimeambiwa tangu Juni." Uso wake ulibadilika taratibu, ukawa mweupe, kisha mwekundu hadi shingoni. "Nilikuuliza," akasema. Nikasema ndiyo. "Nilisimama mbele yako nikakuuliza." Nikasema ndiyo. Nilitaka nimweleze Kisii, nimweleze baba na mtoto, nikaona yote hayo ni maneno ya kujifutia, nikayameza. Nikamtajia jina. Nellie Harkin. Nikamtajia misheni, nikamtajia mto. Nilidhani nitakuwa nimesahau. Nilikuwa sijasahau hata silabi moja. Alitoa kalamu kwenye mkoba akanipa, nikaandika mimi, nyuma ya ratiba ya sherehe ya Mama Imani. Nikamweleza ile ngozi iliyosuguliwa majivu, nikamweleza aproni na birika, sikuruka kitu. Alisikiliza ameinama. Kwaya ilinyamaza, wakaanza kukunja viti.

Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa wapi? Alikuwaje, alipokuwa anakuambia?"

Nikamwambia binti wa mtu kitu ambacho sijawahi kumwambia binti wa mtu. Nikamwambia baba yake alikuwa uchi, ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya bafu, nimemshika mgongo, na alikuwa analia, anamwita nyanya yake kwa jina.

Ruth akafumba macho, akanishika mkono.

"Endelea," akasema.